Faili la Vartan

Vartan Kasabian hana kaburi. Alitaka mwenyewe. Hakutaka jiwe, hakutaka maua ya plastiki, hakutaka watu wasimame kwenye baridi wakijifanya wanaongea naye. Mkewe, Lorraine Thibodeau, akafanya alivyoambiwa. Akabeba majivu mpaka katikati ya daraja la Mto Merrimack, akayamwaga. Upepo ukamrudishia nusu usoni na kwenye koti. Mazishi ndiyo hayo.

Basi jina la Vartan likabaki mahali pamoja tu ambapo mtu baki angeweza kulisoma: juu ya faili moja dogo, ndani ya msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu, wa programu ya kuhariri maandishi. Si programu ya kuandikia barua za ofisini. Ni ile ya wenyewe, wale wanaoandika programu, wanaoifungua asubuhi na kuifunga wakienda kulala, na ukiwaambia kuna nyingine nzuri zaidi wanakununia wiki nzima. Msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, na kila kipande kina jina la aliyekileta. Faili la Vartan lilianza hivi: "Kwa mashine ya Merriwick. Limeandikwa na Vartan Kasabian, Lowell, Massachusetts."

Merriwick kilikuwa kiwanda cha kompyuta. Siku hizo kila kiwanda cha upande ule kilitengeneza kompyuta ya aina yake, na kila aina ilikuwa na akili zake. Namba kubwa ikikatwa vipande ili ikae kwenye kumbukumbu, mashine hii inaanza na kipande kikubwa, ile inaanza na kidogo. Hii inaziweka programu mwanzoni mwa kumbukumbu, ile inazipandisha juu kabisa. Programu ya kuhariri haiwezi kuyajua hayo kwa kuota. Lazima mtu akae na mashine mpaka aijue tabia, kisha aandike faili la kuieleza programu: humu mambo yako hivi, fanya hivi. Vartan aliifanya kazi hiyo kwa Merriwick. Wateja walikuwa na swali moja kabla ya kununua: ile programu yetu inakubali humo? Baada ya faili la Vartan, jibu likawa ndiyo.

Halafu Merriwick ikafa. Wafanyakazi waliitwa kantini Ijumaa moja, wakaambiwa waache funguo mezani. Lorraine, ambaye kazi yake ilikuwa kuzijaribu mashine kabla hazijafungwa kwenye maboksi, akapata kibarua maktaba ya mji. Vartan hakupata kitu. Aliijua mashine moja kuliko mtu yeyote aliye hai, na mashine hiyo hakuna aliyeitaka tena. Akaishia kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Dracut, mpaka mapafu yakamshinda. Alikufa na rangi nyeupe chini ya kucha.

Sasa mambo yalivyoanza. Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji imegeuka uji mweusi pembeni mwa barabara. Ujumbe ukaingia kwenye kundi la barua pepe la watu wanaoitunza ile programu. Lorraine alikuwa bado yumo kundini. Vartan ndiye aliyemwingiza, na Lorraine hakuwahi kupata moyo wa kujitoa. Aliyeandika ni Ruud Oosterhuis, Mholanzi, mmoja wa wanaojitolea kuusafisha msimbo. Hakuzunguka. Kuna mafaili ya mashine zilizokufa zamani, alisema, na anataka kuyafuta kabla toleo jipya halijatoka. Akaziorodhesha mashine zenyewe. "Kama kuna mtu bado anaijenga programu kwenye mojawapo ya hizi, aseme. Mkikaa kimya, nafuta."

Merriwick ilikuwa katikati ya orodha.

Lorraine alisoma akiwa amesimama, kijiko cha maharage mkononi. Akakaa. Akaandika: "Merriwick usiifute. Ninayo. Ninaitumia."

Ninayo ilikuwa kweli. Ninaitumia ulikuwa uongo mtupu. Mashine ilikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, kando ya tanki la mafuta ya boila inayoipasha nyumba joto, imefunikwa pazia la zamani la bafuni. Haikuwashwa tangu Vartan alipoanza kuvuta hewa kwa mpira wa puani.

Ruud akajibu kesho yake. "Bi Lorraine, umenifurahisha kweli. Sikudhani kuna hata moja iliyo hai. Basi ijenge programu humo kutoka msimbo wa sasa, unitumie matokeo. Ikijengeka, faili linabaki."

Ndivyo walivyo hao watu. Maneno kwao hayana uzito. Uwe profesa, uwe mjane, watakwambia leta matokeo.

Akampigia simu mdogo wake, Normand, aliyetumia maisha yake yote kusambaza mafuta ya boila kwa lori.

"Norm, njoo na bisibisi zako."

"Boila tena?"

"Mashine ya Vartan."

"Lile friji?"

"Si friji, Norm."

"Lina ukubwa wa friji, linanguruma kama friji, ila halipozi hata bia moja. Sasa dada, ni nini hicho?"

"Unakuja au huji?"

Akaja. Alibeba pai ya nyama ya nguruwe aliyopewa na mkewe, akaiweka juu ya jiko, akashuka ngazi akilaani magoti yake. Wakavuta pazia. Vumbi likapanda. Ndani ya mashine, chini ya feni, kulikuwa na panya mkavu kama jani.

"Mfanyakazi wa mwisho wa Merriwick," Normand akasema. "Hakusikia tangazo la kantini."

Lorraine hakucheka. Alimtoa panya kwa kipande cha gazeti, akapangusa, akachomeka umeme. Taa moja ikawaka. Harufu ya kitu kinachoungua ikatoka, ikakaa, ikapotea. Lakini diski haikuzunguka. Ilikuwa inatoa mlio mdogo wa kujikaza, kama mtu anayejaribu kuinuka kitandani, kisha inaacha.

"Imekufa," Normand akasema. "Pole, dada."

"Haijafa. Imeganda tu. Ichomoe."

"Halafu?"

"Ishike kwa mikono miwili, uizungushe ghafla, mara moja, uisimamishe. Kama unafungua kifuniko cha chupa ya achari kilichokataa. Usiidondoshe."

"Na nikiidondosha?"

"Utakula pai yako peke yako mpaka ufe."

Normand akaizungusha. Kitu ndani kikaachia. Wakairudisha, na safari hii diski ikaanza kulia taratibu, ikapanda, ikapanda, mpaka sauti ikatulia. Maandishi ya kijani yakajitokeza kwenye skrini. Mstari wa mwisho uliuliza jina la mtumiaji. Lorraine akaandika la mumewe, na neno la siri alilolijua.

Kuhamisha msimbo mpya mpaka ndani ya mashine ile kulimtoa jasho. Waya ulikuwa mwembamba na mashine yenyewe ina pumu. Alirekebisha vitu vidogo vidogo vya hapa na pale. Kisha akaanzisha ujenzi, mashine ianze kuugeuza msimbo kuwa programu inayofunguka. Kwanza kuna programu ndogo inayotangulia, inayoiuliza mashine maswali: wewe ni nani, namba zako unazikata vipi, hiki unacho, kile unacho? Inajaza majibu, kisha kazi yenyewe inaanza. Mistari ikapanda kwenye skrini, mmoja mmoja, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi na mzigo. Lorraine aliiacha. Alikwenda maktaba, akarudi, bado inakwenda. Akalala, akaamka, bado. Alikuwa anashuka na kikombe cha kahawa kuitazama tu, kama mtu anayechungulia mgonjwa.

Ikaisha bila kosa. Akaifungua programu. Ukurasa mtupu ukaja, kishale kikimwekamweka pembeni. Akaandika: Vartan, imekubali.

Kisha akatuma matokeo kwenye kundi, na safari hii hakujizuia. Aliandika habari ya Merriwick, habari ya kantini, habari ya mumewe. Alisema faili lake limeweza kuibeba programu mpya kwenye mashine ya kale, bila kuguswa hata herufi. Ruud akamjibu mbele ya wote: "Faili linabaki. Heshima kwa Bwana Kasabian."

Hebu fikiria. Watu wa zamani wa Merriwick wakaanza kujitokeza kutoka huko walikopotelea. Costas Manolakis, Mgiriki aliyekuwa akiunganisha saketi kiwandani, aliandika kutoka Florida: "Vartan yule! Alinifokea mara moja kwa sababu ya waya mmoja, na alikuwa sahihi, mshenzi yule. Lorraine, umetufufua." Mwingine akasema amelia mbele ya wajukuu. Lorraine alizisoma barua hizo kwa sauti, Normand akiwa mezani na uma mkononi.

"Basi yameisha," Normand akasema. "Tuzime kabla nyumba haijaungua."

"Bado kitu kimoja."

"Kipi tena?"

"Vartan hakuwa anaamini kitu kwa sababu kimekubali. Alikuwa anakiharibu kwanza. Kama kiwandani umesema waya huu ndio unaowasha taa, anaukata. Taa isipozima, anakutazama tu, hasemi neno. Ulikuwa unatamani ardhi ikumeze."

"Sasa wewe unataka kukata nini?"

"Nataka kuandika upuuzi ndani ya faili lake. Ujenzi lazima uanguke hapo hapo. Ndipo nitajua kweli linasomwa."

Normand akaweka uma chini. "Dada. Mholanzi kasema sawa. Mgiriki kasema sawa. Mashine imesema sawa. Kuna watu mnatafuta huzuni kwa tochi, nakwambia."

Hakumsikiliza. Alipaswa kulijaribu faili kabla ya kutuma ile barua, na alijua. Furaha ndiyo iliyompitisha mbio. Alishuka, akafungua faili la Vartan, na katikati ya mistari yake akaandika takataka: herufi zisizo na maana, mabano yasiyofungwa. Hakuna mashine duniani inayoweza kusoma kitu kile na kunyamaza. Akaanzisha ujenzi. Akasubiri uanguke.

Haukuanguka.

Ulikwenda hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi, siku nzima na usiku wake, ukaisha salama. Programu ikafunguka. Kishale kikamwekamweka.

Lorraine alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya tanki akakitazama. Faili la Vartan halikuwa linasomwa. Ile programu ndogo ya mwanzo, ya maswali, siku hizi ilikuwa inaiuliza mashine yenyewe kila kitu na kuandika majibu bila kumhitaji mtu. Alipoifungua kuisoma hakukuta mahali popote inapoliita faili la Merriwick. Labda mtu aliuondoa mstari ule miaka mingi nyuma akisafisha. Labda uliangukia pembeni wakati wa kupanga upya. Hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyekuwa na Merriwick. Faili lilibaki limekaa tu kwenye msimbo, na jina juu, kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Na yeye alikuwa ameutangazia ulimwengu kwamba ndilo lililobeba programu.

Hakumwambia Normand siku hiyo. Alikasirika kwanza. Akasema kama hawaliiti, nitaliita mimi. Akafuta takataka alizoweka, akarudisha faili lilivyokuwa, akaongeza mstari mmoja kwenye programu ya maswali: ukikuta Merriwick, soma faili la Vartan. Akajenga upya. Angemtumia Ruud mstari ule, mstari mmoja tu, nani angekataa? Faili lingekuwa na kazi tena, na barua yake isingekuwa uongo tena.

Safari hii pia ujenzi ulifika mwisho. Akaifungua programu, ikafa papo hapo. Akajaribu tena. Ikafa.

Alijua sababu kabla hajaitafuta, kwa sababu Vartan alimsimulia mara elfu. Zamani programu ile ilikuwa na tabia mbaya: kila anwani ya kumbukumbu iliyoishika, yaani namba ya mahali kitu kilipowekwa, iliiba tarakimu zake za juu ili iweke alama zake humo. Kwenye mashine nyingi haikudhuru. Kwenye Merriwick, ambayo ilizipandisha programu juu kabisa, tarakimu zile ndizo zilizoonyesha mtaa. Ukiziiba, hufiki. Mstari wa Vartan, ule aliojivunia kuliko yote, ulikuwa unazirudisha. Kila anwani ikitaka kutumika, mstari ule unaibandika tena ule mtaa.

Lakini programu ilishaacha wizi. Siku hizi inaweka alama zake chini, sehemu isiyomdhuru mtu. Anwani inakuja nzima, na mstari wa Vartan unaibandika mtaa mara ya pili. Barua inakwenda kwenye nyumba isiyokuwepo.

Akautoa mstari ule. Akajenga. Programu ikaishi kidogo, ikafa mahali pengine. Kulikuwa na mstari kuhusu mwisho wa kumbukumbu, nao ulikuwa wa enzi nyingine. Akautoa. Ikaishi zaidi. Akatoa mwingine. Kila alichokitoa cha Vartan, programu ilipata nafuu. Kazi hiyo ilimchukua mpaka theluji yote ikayeyuka na kuingia kwenye mto. Hakuwa anapika. Normand akipiga simu anasema yuko salama.

Siku aliyomaliza, Normand alikuja bila kupiga. Alimkuta chini ya nyumba, koti la Vartan mabegani. Programu ilikuwa wazi kwenye skrini, nzima, haina neno.

"Imepona?" Normand akauliza.

"Njoo uone."

Akamwonyesha faili. Lilikuwa na mistari miwili. Kwa mashine ya Merriwick. Limeandikwa na Vartan Kasabian, Lowell, Massachusetts. Chini yake hakuna kitu.

"Mengine yako wapi?"

"Nimeyatoa. Yalikuwa yanaiua."

Normand alisoma ile mistari miwili midomo ikicheza. Hakujua msimbo, lakini hakuwa mjinga. "Na hii iliyobaki inafanya nini?"

"Hakuna. Ni jina tu."

"Basi iache." Akasema haraka, kama mtu anayetaka kuuwahi mlango kabla haujafungwa. "Sikia dada, iache tu. Nani anajua? Mholanzi hajui. Costas hajui. Mistari miwili inamuumiza nani? Watu wanaweka majina ya marehemu wao kwenye viti vya bustani."

"Nilisema limeibeba programu."

"Ulikosea. Watu wanakosea."

"Nilisema mbele ya wote, Norm. Kwa jina lake." Akavua miwani, akaifuta kwenye koti. "Angekuwepo angenitazama. Unakumbuka alivyokuwa anatazama?"

Normand alikumbuka. Akakaa kwenye ngazi.

Lorraine aliandika barua pale pale, ndani ya programu ile ile. Hakupamba. Alisema matokeo aliyotuma yalikuwa ya kweli lakini aliyoyasema kuhusu faili hayakuwa kweli. Faili halisomwi na halijasomwa kwa miaka. Likisomwa, linaiua programu. Merriwick haihitaji faili lolote. Alisema pia kwamba aliposema anaitumia mashine hakuwa anaitumia. Mwisho akaandika neno moja: Lifute.

Akaihamisha barua mpaka kwenye kompyuta ya juu, akaituma, wakala. Pai aliyokuja nayo Normand ilikuwa ya juzi, imekauka pembeni.

Ruud alijibu kabla hawajaosha sahani. Hao watu kwa kufuta hawachelewi. "Bi Lorraine, asante kwa kusema ukweli, wengi wangenyamaza. Nimelifuta faili la Merriwick pamoja na mengine. Msimbo umekuwa mwepesi kidogo." Lorraine aliisoma barua hiyo mara nyingi. Jina la Vartan halikuwemo. Kwa nini liwemo? Mtu alikuwa anafagia, akaeleza amefagia wapi. Costas aliandika mstari mmoja tu, kwake peke yake, si kwa kundi: "Ungeniacha na furaha yangu."

Wakashuka tena chini. Mashine ilikuwa inalia kwa sauti yake ile ya kutulia.

"Ukiizima haitaamka," Normand akasema. "Ile diski nimeisikia ilivyoachia. Haina mara ya pili."

"Najua."

"Tunaweza kuiacha iwake. Mimi nitalipia umeme, mke wangu asijue."

Lorraine akaweka kidole kwenye swichi. Aliacha kidole pale muda, kama vile kuna mtu angetokea juu ya ngazi akamwambia ngoja. Kisha akabonyeza. Skrini ikamezwa na giza. Diski ikaanza kushuka sauti, ikashuka, ikashuka, ikawa mnong'ono, na wote wawili wakainamisha vichwa kusikiliza mpaka hawakuweza kusema kama bado inasikika au la.

Normand akaokota pazia la bafuni, akalikung'uta vumbi, akalirudisha juu ya mashine. Akalivuta pembeni likae sawa. Nyuma yao boila ikawaka yenyewe, ikaanza kunguruma.